Shangazi Aliyenyimwa Kufa

Kwenye kitabu, shangazi yule alikufa ukurasa wa themanini na tatu. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, kitandani kwake, padri yuko pembeni, mashuka safi. Kifo ambacho wengi wetu tungekiomba. Nsimire aliusoma ukurasa huo kimya mara mbili. Kisha akainua uso, akawatazama wanawake watano waliokuwa wanamsubiri juu ya mkeka, akawaambia kwa Kiswahili, "Asubuhi ile shangazi akaamka. Homa ilikuwa imetoka. Akaitisha chai."

Mkeka mzima ulisonya.

"Si angekufa tu?" akasema Adija, mama mtu mzima wa Buyenzi, muuza maandazi, ambaye ulimi wake ulikuwa haujui kupumzika. "Mtu mbaya hafi upesi, wallahi."

"Bado," akasema Nsimire. "Kuko kazi ameacha nyuma."

Huyo ndiye Nsimire, na msimwonee huruma haraka. Alikuwa fundi cherehani wa Nyakabiga, mwembamba, mpole wa sauti, mtu wa kukushonea sketi ya komunyo ya mtoto wako na kukurudishia hata kipande cha kitambaa kilichobaki. Alizaliwa Bukavu, akasoma kwa masista mpaka Kifaransa kikamkaa mdomoni, na mwaka sitini na nne, vita ilipochacha upande ule, akavuka kuja Bujumbura na cherehani yake kichwani. Nyuma alimwacha Mirindi, mwalimu wa shule, mchumba wake. Walikubaliana kwamba Mirindi amalize mwaka wa shule, aandike, kisha afuate.

Mkimbizi hana sanduku la posta. Nyakabiga nzima wakati ule waliokuwa na sanduku walihesabika kwa vidole, na wengine tulipitishia barua zetu kwenye masanduku ya watu. Nsimire alipitishia kwa Dévote, na namba ya sanduku hilo akamtumia Mirindi kwa mkono wa msafiri. Mume wa Dévote, Aloys, alikuwa karani katika ofisi moja ya Rohero, na kila Ijumaa alileta nyumbani barua za majirani pamoja na makaratasi ya ofisi yaliyokwisha kazi. Dévote ndiye aliyezigawa. Alikuwa mwanamke wa kuheshimika, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kukuuliza habari za mama yako akakumbuka na jina lake. Kila Ijumaa Nsimire alisimama mlangoni pake, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Leo kuko kitu yangu, yaya?"

"Apana, mudogo wangu. Posta ya Congo ilikufa. Ingia, unywe maji."

Aliingia, akanywa maji, akasimulia habari za kwao, za Mirindi, za nyumba ya mama yake yenye bati jipya, na Dévote alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote mjini. Ijumaa baada ya Ijumaa, zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa sitini na saba msafiri mmoja akaleta habari kwamba Mirindi ameoa. Nsimire alikunja moyo wake kama mtu anavyokunja nguo ya marehemu, akauweka chini kabisa ya sanduku. Wa kwanza kuja kumpa pole alikuwa Dévote.

Sasa tuje kwenye kitabu. Scholastique, mkunga, mwenye nyumba walimokuwa wanakutana, alikiokota katika kasha la vitu ambavyo madamu mmoja wa Rohero aliviacha alipoondoka baada ya uhuru. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanika, kwa hiyo hakuna aliyejua jina lake. Walikiita Kitabu cha Kinamasi. Kilimhusu binti mmoja, Odile, aliyeolewa na bwana tajiri na kupelekwa katika nyumba kubwa ya mawe katikati ya kinamasi. Bwana akasafiri ng'ambo. Odile akabaki na shangazi wa bwana, mwanamke mrefu aliyevaa glavu nyeusi hata mezani, na kengele ya mnarani iliyojilia yenyewe kila mtu wa nyumba ile alipokaribia kusema uongo. Wanawake wa Nyakabiga waliiogopa kengele hiyo mchana kweupe. Kila dimanche, yaani Jumapili, baada ya misa walikutana sita kwa Scholastique, na Nsimire, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekijua Kifaransa sawasawa, alisoma moyoni ukurasa mmoja, akausema kwa Kiswahili. Akikawia, wenzake walimhimiza kwa neno moja tu: "Kisha?"

Na walikuwa na desturi yao. Baba yake Scholastique alikuwa mushingantahe kule Gitega, mmoja wa wale wazee wanaoamua kesi za watu kwa fimbo ya heshima mkononi. Scholastique alikua akichungulia mabaraza yale kupitia ua wa matete, kwa hiyo kusoma bila kuhukumu hakukuweza. Kila sura ilipoisha, mmoja wao alishika mwiko wa ugali, akaugonga sakafuni mara tatu, na watu wa kitabuni wakashitakiwa. Zamu ilizunguka wote sita. Bwana wa Odile alihukumiwa kwa kumtoroka mke mpya. Mpishi alihukumiwa kwa umbea. Siku fundi aliyemshonea Odile nguo ya harusi alipogundulika ameiba lesi, mwiko ulikuwa kwa Nsimire, na alipofungua mdomo tu Scholastique akamkatiza.

"Weka chini ile mwiko! Weye ni fundi wa nguo. Mutu hahukumu kesi ya nyumbani kwake."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nsimire aliuweka mwiko mbele yake kama desturi inavyotaka, na Adija akamfunga yule mwizi wa lesi miaka kumi. Ilikuwa furaha tupu, na Dévote alikuwa mmoja wao, tena mpenzi wa kitabu kuliko wote. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Halafu Nsimire akanunua karanga.

Ilikuwa katikati ya wiki, mwezi wa saba mwaka sitini na nane, kwa Mwavita, yule aliyekuwa akiuza karanga za kukaanga njia panda. Mwavita alizifunga kwenye karatasi iliyosokotwa pembe, kama wauza karanga wote. Nsimire alikula akitembea. Karanga zilipoisha aliifungua karatasi ili aitupe, na mwandiko wa Mirindi ukamtazama usoni. Mafuta yalikuwa yamekula nusu ya ukurasa. Nusu iliyobaki ilisema: *Nsimire wangu, hii ni barua ya tisa. Kama umeolewa, uniambie tu, mi nitajua namna ya kufanya. Lakini usinyamaze.*

Alirudi kwa Mwavita na karatasi mkononi.

"Hii karatasi ulitoa wapi, mama?"

"Kwa mama Dévote. Ananiletea makaratasi ya bwana yake. Juu ya nini? Ni muchafu?"

"Apana," akasema Nsimire. "Nipe ingine."

Alinunua karanga siku tatu mfululizo, pembe baada ya pembe, akizifungua kama mwendawazimu. Zote zilikuwa karatasi za ofisi. Barua zake zilikuwa zimekwisha kwenda. Zilikuwa zimeshika karanga za watu, zimetupwa mitaroni, zimewashiwa mikaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa mbele ya cherehani, akaona wazi Ijumaa zote zile, maji yale, pole ile, akamchukia Dévote chuki ambayo hakuwahi kujua kwamba inaweza kukaa ndani ya mtu mwembamba namna ile.

Mtasema, kwa nini hakwenda kumshika kanga palepale? Kwa sababu alikuwa mkimbizi mwenye nusu karatasi yenye mafuta, na yule alikuwa mke wa karani. Dévote angelia, kwaya nzima ingelia naye, na Nsimire angeonekana mchawi. Tena hasira ya haraka huisha haraka, na yeye hakutaka iishe. Alitaka kitu kimoja tu: Dévote aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, alichofanya. Basi dimanche iliyofuata alifika ukurasa wa themanini na tatu, akamkuta shangazi anakata roho, akamkatalia kufa. Alikuwa anamhitaji.

Wiki ile shangazi alipona. Wiki ya pili akaanza kupokea barua za nyumba nzima, kwa kuwa ufunguo wa mfuko wa posta ulikaa kwake. Wiki ya tatu bwana wa Odile akaandika kutoka ng'ambo, na mkono wenye glavu nyeusi ukaichukua barua ile, ukaipeleka juu gizani. Kitabuni hakukuwa na hata chembe ya hayo. Kitabuni, siku hizo, Odile alikuwa anatafuta tu ngazi ya mnara. Lakini Nsimire aligeuza kurasa kwa wakati wake, macho yakitembea kwenye mistari, na mdomo ukashona nguo nyingine kabisa.

Wanawake waliwaka moto. Shangazi alihukumiwa kila wiki: kifungo, viboko, kupelekwa Kajaga, kule ziwani, kupara samaki bila kisu. Adija alimlaani kwa Kiswahili, Scholastique kwa Kirundi. Dévote naye alimlaani, mwanzoni, na Nsimire alimtazama akilaani akaona utamu mdomoni kama mtu anayenyonya muwa.

Wiki ya tano Odile akashuka ngazi kumuuliza shangazi kama kuna barua. "Na shangazi," akasema Nsimire, akigeuza ukurasa polepole, "akamwambia: Apana, mwanangu. Posta ya upande ule ilikufa. Ingia, unywe maji."

Kikombe cha Dévote kilisimama katikati ya njia. Aliinama, akakiweka chini, na mkono wake ukabaki juu yake muda mrefu.

"Kisha?" wakauliza wengine.

"Kisha Odile akanywa maji," akasema Nsimire.

Angeweza kuacha kuja, yule Dévote. Nsimire aliogopa hivyo wiki nzima, hata akachoma pindo la nguo ya mteja kwa pasi. Lakini dimanche ikafika na Dévote akaja, akakaa mahali pake, macho yamevimba. Sijui kama ni ushupavu au ni ile njaa yake ya kitabu. Toka siku hiyo hakumlaani shangazi tena. Nsimire alihesabu zamu za mwiko, akairefusha sura hii, akaifupisha ile, mpaka kesi kubwa ya barua ikaangukia zamu ya Dévote. Mtego ulikuwa na milango miwili, na yote miwili ilielekea ndani: akihukumu, amejihukumu mwenyewe kwa mdomo wake, akiweka mwiko chini, amekiri.

Ikafika dimanche ya tisa. Nsimire alisimulia jinsi Odile alivyokuta barua za bwana zimefungiwa siagi jikoni. Wanawake walipiga mapaja. Nsimire akafunga kitabu, akauchukua mwiko, akampelekea Dévote kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake chakula.

"Zamu yako, yaya."

Dévote aliugonga sakafuni mara moja. Mara ya pili. Ya tatu haikuja.

"Mi siwezi kuhukumu hii kesi," akasema.

"Juu ya nini?" akauliza Scholastique.

"Ni ya nyumbani kwangu."

Aliuweka mwiko mbele yake, akainuka, akaenda kukaa chini kwenye sakafu tupu, mahali ambapo kwa mchezo waliwaweka washitakiwa wa kitabuni. Hakuna aliyewahi kukaa pale akiwa na mwili. Hapo Nsimire akatoa kwenye blauzi ile karatasi yenye mafuta, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Ngapi?" akamuuliza. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja." Dévote alikuwa anaongea na sakafu. "Ya kwanza ilikuja gundi imeachia pembeni. Nikasema, nisome musitari moja tu. Nsimire, tangu Aloys anioe, anasema: chakula iko wapi, shati yangu iko wapi. Basi. Ule mutu wako alikuwa anaandika, we! Nikasoma yote. Nikashindwa kukuletea kitu imefunguliwa. Kisha ya pili ikakuja, nikataka kujua iko nini mbele. Nilikuwa nangoja Ijumaa vile tunangoja hapa dimanche. Sikukuwa na kitabu ingine."

"Na ya mwisho?"

"Ya mwisho aliaga. Nililia siku mbili."

"Weye ndiye ulilia!" Nsimire alisimama. Kila kitu alichokuwa amekikunja kikafunguka kwa mkupuo mmoja. "Uliiba barua yangu, ukaiba mume yangu, na kilio yangu pia ukailia! Uliniachia nini mimi? Maji?"

Mkono wake ulikuwa umeshaushika mwiko. Na hakuwa na nia ya kuugonga sakafuni.

"Shusha," akasema Scholastique. "Weye pia. Kesi ni yako."

Ilimchukua muda. Lakini aliushusha, na Adija akauvuta upesi kabla hajabadili nia. Mama yule alikuwa amezika waume wawili, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Unataka nini, mwanangu? Kama ni kumpiga, mpige, mimi nitageuza uso."

"Nataka barua zangu."

"Barua zako zimeliwa na karanga."

"Ziko mu kichwa," Dévote akasema kutoka chini. "Zote. Nilizisoma mpaka zikaingia, kisha nikazichanganya na makaratasi ya karanga, Aloys asizikute. Naweza kukusemea, Nsimire. Nitakuja kwako peke yangu, nitakusemea yote."

"Apana," akasema Nsimire. "Hapa. Mbele ya watu."

"Mudogo wangu, ni maneno ya mutu na mutu."

"Ulijua hivyo ukizifungua?"

Adija akagonga mwiko mara tatu. Hukumu yake ilikuwa fupi: kila dimanche barua moja, kwenye kiti cha msomaji, mpaka kumi na moja ziishe, na siku Dévote atakapokosa kuja, Adija mwenyewe ataipeleka hadithi hii sokoni pamoja na maandazi. Dévote aliinamisha kichwa akakubali. Nsimire alitafuta huruma ndani yake, hakuiona, na hakuisikitikia.

Ndipo Scholastique akauliza, "Lakini ule shangazi wa kitabuni, yeye alifanya nini na barua?"

Nsimire akakifungua kitabu.

"Alikufa," akasema Nsimire. "Ukurasa wa themanini na tatu."

"Lini?"

"Ile siku aliitisha chai."

Ungesikia makelele! Nawaambia kweli, barua kumi na moja za kuibiwa hazikuwakasirisha nusu ya walivyokasirishwa na hilo. "Tumechukia maiti wiki tisa!" akapiga kelele Adija. Mwiko ukagongwa tena, na Nsimire akapewa hukumu yake: akimaliza kuzisikia barua, atarudi ukurasa wa themanini na tatu, amwache marehemu apumzike, asome kilichoandikwa bila kuongeza chumvi.

Dimanche iliyofuata Dévote alikuja amevaa kitenge chake cha misa. Alikaa kwenye kiti cha msomaji, mikono mitupu juu ya magoti. Nsimire, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kianze, alikaa kwenye mkeka na wasikilizaji. Alikuwa ameapa hatafungua mdomo. Angekaa tu, amtazame yule mwanamke akitapika alichokula.

Dévote akafumba macho.

"Nsimire wangu," akasema, na sauti yake ikawa nyingine. "Huku mvua imepiga siku tatu, lakini bati ya nyumba ya mama yako inashika. Kila jioni napita pale naangalia mulango."

Bati. Nsimire alikumbuka kwamba habari za bati alimpa Dévote yeye mwenyewe, Ijumaa fulani, kikombe cha maji mkononi.

"Mbele ya mulango nimepanda muti wa avoka. Ukirudi utakuta inazaa. Kama sikuko, uchune, ukule, ujue ni mimi nilipanda."

Habari za mti wa avoka, yaani mparachichi, hakuwahi kumwambia mtu. Hakuujua. Basi labda ulikuwa wa Mirindi kweli, na labda umesimama hadi leo mbele ya mlango ule. Au labda Dévote, aliyekaa wiki tisa akijifunza jinsi mtu anavyogeuza ukurasa na kusema lake, alikuwa ameupanda yeye, jana usiku, kitandani kando ya Aloys. Nsimire aliitazama mikono ile akitafuta karatasi ya kuchungulia. Ilikuwa mikono tu. Wenzake walikuwa wameinama mbele, midomo wazi, wakiamini kila neno, kama walivyomwamini yeye.

Dévote alinyamaza kumeza mate. Alikawia.

Mkeka wote ulisubiri, na hakuna aliyethubutu kuhimiza, kwa kuwa barua haikuwa yao.

"Kisha?" akasema Nsimire.